Mama mwenyeji wangu Kyoto anatia samaki kwenye kila supu, na sijui nimwambieje

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri.

Nina miaka 22, mzaliwa wa Tanga. Tangu Septemba niko Kyoto, Japani, kwa mpango wa mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Nasoma Kijapani. Miaka mitatu iliyopita niliacha kula kila kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Ndio wanaoitwa vegani. Nyumbani walinishangaa, maana kwetu samaki ni kitoweo cha kila siku, lakini wakazoea. Mama akipika mchicha wa nazi ananitengea wangu kwanza, ndipo anatia dagaa kwenye sufuria ya wengine. Maisha yakaenda.

Nilipojaza fomu ya kuomba familia ya kuishi nayo, sehemu ya chakula ilikuwa na kisanduku kimoja tu kilichonikaribia, "bejitarian", nikakitia alama. Nikapangwa kwa mzee na mkewe, wote wamevuka miaka 65, watoto wao wameshahama. Ni watu wema mno. Mama wa nyumba namwita Okaasan, kama wanavyomwita wanawe. Siku ya kwanza alinionyesha kidaftari chake cha jikoni ambamo aliandika kwa mkono vitu nisivyokula: nyama, kuku, samaki. Kila jioni akawa ananipikia kivyangu: tofu ya kukaanga, boga la kuchemsha, biringanya, spinachi ya ufuta, na bakuli la supu ya miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa. Mimi nikala, nikashukuru, nikawaandikia marafiki kwamba Japani ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Wiki ya tano, siku moja sikuwa na kipindi cha asubuhi, nikaingia jikoni kusaidia. Nikamwona Okaasan anachota kijiko cha chengachenga za rangi ya kahawia kutoka kwenye kijisanduku na kuzitia kwenye sufuria ya supu yangu. Nikakichukua kile kijisanduku kama mtu anayefanya zoezi la kusoma. Kwenye mstari wa viungo nikakuta katsuo, aina ya samaki. Akiondoka nikafungua friji na kusoma chupa moja moja: sosi ya kuchovyea tambi, ile yenye ndimu, hata boksi la miso. Karibu zote zina katsuo. Wiki tano nimelishwa samaki kila siku bila kujua.

Sikusema kitu. Tangu siku hiyo nasema nimeshiba, nakula wali na natto, soya iliyochachushwa, peke yake. Okaasan ameniuliza mara mbili kama chakula chake si kitamu, nami nacheka tu na kusema ni kitamu sana. Wiki iliyopita nilichukua bakuli la supu nikaenda nalo chumbani, nikadai nitakunywa huku nasoma. Usiku, wamelala, nikaimwaga kwenye sinki. Asubuhi nikamkuta Okaasan ameinamia sinki anaokota kipande cha mwani kwenye kichujio. Hakuniuliza. Jioni ile hakuniwekea supu, na tangu hapo haniwekei.

Nimepungua kilo nne. Nikipanda ngazi za chuo napata kizunguzungu. Vidonge vyangu vya B12 viliisha Oktoba. Mwanzoni mwa Desemba nina mtihani wa Kijapani wa ngazi ya N3 na akili haitulii.

Mwenzangu wa darasani, Mkenya, ananiambia niseme nina aleji, nimalize. Mwingine anasema nihamie bweni muhula wa Aprili. Wa tatu anasema dashi, yale maji ya kupikia supu, si samaki, ni ladha tu, nile niache kusumbua watu. Mama kwenye simu anasema mgeni hula alichopewa. Na sasa Okaasan amenitangazia kwa furaha kwamba Mwaka Mpya binti yake anakuja na wajukuu, na mimi nitafundishwa kupika ozoni, supu ya Mwaka Mpya. Kila akilitaja hilo tumbo linanikaza.

Nifanyeje?

Binti wa Tanga, Kyoto


JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipokaa muda mrefu ni hapo kwenye kipande cha mwani.

Nikikuelewa vizuri, unaishi na watu wanaokupenda, wanaokupikia usichokila bila wao kujua. Ulipogundua ulinyamaza ili usimuumize mtu, na sasa kile kimya kimeanza kumuumiza. Kipande kile cha mwani Okaasan ameshakisoma, ila amekisoma vibaya: anadhani hajui kupika. Unaona kusema ni kumvunja moyo, lakini moyo wake tayari una ufa, na wewe peke yako ndiye unayejua umetokana na nini.

Kabla ya hayo, mwili, maana huo hausubiri mazungumzo. Kilo nne na kizunguzungu si jambo la kuvumilia hadi mtihani upite. Nenda wiki hii kliniki yenye kibao cha naika, magonjwa ya ndani. Waambie una tachikurami, yaani kizunguzungu cha kuinuka, taja hinketsu, upungufu wa damu, na omba wakipima damu wapime pia ferritini, ambayo ndiyo inayoonyesha akiba yako ya madini ya chuma. Kwa bima ya afya ya taifa utalipa asilimia 30 ya gharama. B12 nunua leo kwenye duka la dawa lolote. Mtu mzima anahitaji mikrogramu chache tu kwa siku, lakini kidonge hufyonzwa kwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo usishtuke ukiona vinauzwa kwa dozi kubwa kuliko hiyo. Geuza chupa utafute neno ゼラチン, jelatini, kwa sababu ganda la kidonge laini mara nyingi ndilo hilo, nalo hutokana na ngozi na mifupa. Mwani usiutegemee kwa B12, hata ukisikia unasifiwa.

Lakini kwa kawaida ini huwa na akiba ya B12 ya muda mrefu, kwa hiyo mwezi mmoja bila vidonge sidhani ndio uliokuangusha. Ninachokishuku ni kwamba huli vya kutosha. Hesabu mwenyewe: bakuli la wali la gramu 150 lina kalori kama 230, pakiti ya natto ya gramu 45 haifiki 100. Ukila hivyo asubuhi, mchana na jioni, siku nzima hujafika kalori 1,000. Ongeza vitu ambavyo havihitaji mtu kukupikia. Tofu ngumu ya momen, kipande kizima cha gramu 300, ina protini kama gramu 20. Maziwa ya soya yasiyotiwa kitu, glasi moja ina gramu 7 hivi. Ile tofu kavu inayoitwa koya-dofu, kipande kimoja kikavu kina gramu 8, na kinakaa kabatini miezi. Karanga tembea nazo. Chai ya kijani usiinywe pamoja na chakula, ikae kama saa moja, kwa sababu inazuia chuma cha mimea kuingia mwilini. Machungwa ya mikan yanafanya kinyume chake, na huu ndio msimu wake.

Jambo jingine dogo litakalokukera: hiyo natto unayoikimbilia, kile kifuko cha sosi kilichomo ndani ya pakiti kwa kawaida kina dashi ya katsuo. Kiache, tia sosi ya soya ya kawaida na ile haradali.

Sasa turudi kwa Okaasan. Umeandika "nimelishwa samaki." Naelewa uchungu wake, lakini neno hilo linambebesha mtu nia ambayo hakuwa nayo. Katsuo ni samaki wa jamii ya jodari. Anachemshwa, anafukizwa moshi mara nyingi, anakaushwa mpaka anakuwa mgumu kama gogo, kisha anaparuzwa vipande vyembamba kama maranda ya seremala. Hayo ndiyo katsuobushi. Yakiingia kwenye maji ya moto dakika moja au mbili na kuchujwa, yanabaki maji ya dhahabu yenye harufu, na samaki haonekani tena. Kwa mpishi wa Kijapani wa rika la Okaasan hayo ni maji ya kupikia. Hajaweka samaki, ameweka dashi. Wapishi wetu nao watakuapia kwamba maharage hayana nyama huku wametia mchuzi mix ya ng'ombe, na hawadanganyi: kwao nyama ni kipande kinachotafunika.

Halafu fomu yako ilisema bejitarian. Huko neno hilo wengi wanalielewa kuwa ni mtu asiyekula nyama, na baadhi wanadhani samaki anamla. Okaasan alikwenda mbali kuliko neno lenyewe, akamwandika samaki. Ila tazama tena kile kidaftari kama ulivyokieleza: nyama, kuku, samaki. Mayai hayamo. Maziwa hayamo. Asali haimo. Kwa hiyo ukiamua kusema, sema yote kwa mara moja. Ukilalamikia katsuo leo, siagi kwenye mkate wiki ijayo, na yai kwenye unga wa kukaangia mwezi ujao, hapo ndipo utakuwa mzigo kweli, kwa sababu hatajua orodha inaishia wapi.

Njia alizokupa kila mwenzako tuzitazame.

Aleji ni ya haraka, na Wajapani wanaiheshimu sana. Ndiyo hatari yake. Mwambie Okaasan una aleji ya katsuo, na papo hapo umemwambia kwamba kwa wiki tano alikuwa anakutilia sumu. Ataogopa, atasugua sufuria, huenda akataka kukupeleka hospitali, na siku akikuona umekula kitu chenye mchuzi ule kwa bahati mbaya bila kudhurika, imani yote imeondoka. Mgahawani napo, mpishi mwangalifu anaweza kukataa kukuhudumia kabisa. Na haikusaidii hata kusoma lebo. Sheria ya Japani inalazimisha kutajwa kwa aleji chache tu, zikiwemo mayai, maziwa, ngano, soba (aina ya nafaka), karanga, kamba, kaa na walnati. Katsuo si mojawapo. Lile jedwali la aleji unaloliona kantini litakuokoa na yai na maziwa, lakini kwa dashi halina neno, inabidi usome mstari wa viungo wenyewe.

Bweni lina faida yake: jiko lako, rafu yako, hakuna kuomba. Kama moyo unakuelekeza huko, uliza mapema ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuhusu nafasi za Aprili na muda wa kutoa taarifa. Lakini pima unachokiacha. Mazungumzo ya kila jioni mezani na wazee wawili wasio na haraka, hakuna darasa litakalokupa hayo. Na katsuo atakufuata hukohuko: kwenye boksi la miso lililoandikwa だし入り, yaani limetiwa dashi, kwenye ponzu, ile sosi ya ndimu, kwenye achari nyingi, kwenye onigiri (tonge la wali) ya mwani wa kombu, hata baadhi ya umeboshi, zile plamu za chumvi, hutiwa katsuo au asali. Mkate wa supamaketi mara nyingi una maziwa. Vipande vya kari ya Kijapani vina mafuta ya ng'ombe au nguruwe, mpaka utafute visivyokuwa navyo. Utakuwa peke yako na lebo hizo badala ya kuwa na mtu wa kumuuliza. (Nikiwa kwenye lebo: 乳 ni maziwa, lakini 乳化剤 si maziwa, ni kiunganishi cha mafuta na maji, mara nyingi cha soya. Wengi huacha vitu walivyoweza kula kwa sababu ya herufi hiyo moja.)

Mwenzako anayesema ule tu, usimwone adui. Wako vegani wanaoamua hivyo wakiwa wageni nyumbani kwa watu. Chama cha Vegan Society cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1944, kinaeleza maisha hayo kuwa ni kuepuka vya wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Mahali ambapo kwako inaacha kutekelezeka unapapima wewe, si mimi. Swali langu ni hili: ungeinywa ile supu ukiwa na amani? Maana uliimwaga. Ukila kwa kujilazimisha miezi tisa, chuki itatafuta pa kutokea, na itamtokea mtu asiyestahili.

Kumtumia mratibu wa mpango aseme kwa niaba yako pia kunawezekana, hasa ukiona Kijapani chako hakitoshi. Hatari yake ni kwamba Okaasan anaweza kulipokea kama mashtaka yaliyotoka ofisini. Kama utapita njia hiyo, labda omba wakusaidie kusahihisha orodha tu, na maneno ya moyoni yatoke kinywani mwako.

Inabaki kuzungumza naye, na hapa kuna jambo la jikoni ambalo nadhani hujaliona. Dashi inayopikwa kwa utaratibu wa kawaida ina hatua mbili. Kwanza kombu, ule mwani mpana mkavu. Ukishatolewa, ndipo katsuobushi inaingia. Kati ya hatua hizo mbili, kilichomo sufuriani ni chakula chako kamili. Ukichota kwa upawa hapo na kuweka pembeni, nyumba nzima inakula supu moja kwa jiko moja. Hata anayetumia chengachenga anaweza: mboga zichemke kwenye maji ya kombu, bakuli lako litoke, chengachenga ziingie mwisho. Mama yako Tanga hilo analijua bila kufundishwa, ndivyo anavyokutengea mchicha kabla ya dagaa. Huna haja ya kuomba Okaasan apike mara mbili. Unaomba achote mapema.

Na ya kwako peke yako ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuibeba wewe. Maji lita moja, kombu gramu 10, ambayo ni kipande cha ukubwa wa kiganja, na uyoga mkavu wa shiitake vipande vitatu. Kombu usiioshe, ule unga mweupe juu yake si ukungu, ni sehemu ya utamu, pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Tia vyote kwenye jagi, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Maji yawe baridi, kwa sababu uyoga ukilowekwa kwenye maji ya moto unatoa uchungu na ladha inapungua. Kesho yake pasha moto mdogo, na viputo vidogo vikianza kushika chini ya sufuria toa kombu. Ikichemka nayo, maji yanakuwa na utelezi na harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa, ambayo wewe wa Tanga utaitambua mara moja. Inakaa siku mbili au tatu kwenye friji. Kwa bakuli la supu, mililita 160 hivi, tia kijiko kimoja cha chakula cha miso isiyo na だし入り, ukoroge moto ukiwa umeshazimwa. Kombu iliyobaki ikatekate, ichemshe na sosi ya soya na sukari kidogo, inaliwa na wali. Usifanye kombu kuwa kitoweo kikubwa cha kila siku, maana ina iodini nyingi sana na ikizidi inavuruga tezi ya shingoni. Vipande vichache vinatosha.

Okaasan akiona supu hiyo haina ladha nene aliyoizoea, hajakosea. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia Ikeda Kikunae wa Tokyo alichunguza dashi ya kombu akagundua kilichoipa ladha, glutamati, na ladha hiyo akaiita umami. Katsuo ina kiini kingine ambacho kikikutana na cha kombu ladha inapanda mara nyingi. Uyoga mkavu una kiini cha jamii hiyohiyo, kwa hiyo ndio unaoziba pengo. Watawa wa Kibudha wamepika hivyo karne nyingi kwenye shoojin ryoori, chakula cha mahekalu, na Kyoto yako ndiyo mji wake. Neno hilo mtajie Okaasan. "Vegani" kwake ni kitu cha vijana na cha kigeni. Shoojin amelijua tangu utotoni, huenda ameupika kwenye kumbukumbu za wazee wake. Tofauti moja mweleze: watawa hao huacha pia vitunguu na vitunguu saumu, wewe unakula.

Ukifika kwenye maneno, Kijapani kimekupa mlango ambao mwenzako wa aleji hajaufikiria. Taberaremasen ni siwezi kula, na mtu atauliza kwa nini. Tabenai koto ni shite imasu ni nimejiwekea kutokula: ni uamuzi wangu, si ugonjwa, na si kosa la mpishi. Unaweza kuanza na jitsu wa, zutto ienakatta koto ga arimasu, kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nimeshindwa kusema. Ukihofu utakwama katikati, liandike kwa mkono kwenye karatasi moja na umpe mkiwa wawili, mchana, si wakati amesimama jikoni. Ile supu ya sinkini sidhani utaweza kuiruka. Usipoitaja, ataendelea kuamini ni mapishi yake. Na umalizie kwa kuomba kazi, si kuomba huduma: issho ni tsukurasete kudasai, niruhusu tupike pamoja. Huenda akanyamaza kidogo. Huenda akaomba radhi mara nyingi kuliko inavyohitajika, na hilo litakuuma kuliko hasira. Huenda pia akasema jikoni kwake ni kwake, na apendelee ujipikie mwenyewe siku fulani. Majibu hayo yote unaweza kuishi nayo, ila kila moja linakutaka kitu tofauti, kwa hiyo jiulize kabla ni lipi utaliweza. Kama mtihani unakubana kiasi kwamba huwezi kubeba mazungumzo haya sasa, kungoja wiki chache baada yake si woga, mradi uanze kula leo.

Mwisho, hiyo ozoni unayoiogopa. Kila mkoa una yake. Ya Kyoto ni ya miso nyeupe, tamu, nzito, na mochi (matonge ya wali uliopondwa) za mviringo zilizochemshwa bila kuchomwa, figili, karoti nyekundu, na magimbi. Ndiyo, magimbi, jamii ileile ya nyumbani. Na katika familia nyingi za Kyoto supu yake hupikwa kwa kombu peke yake, tangu zamani, katsuobushi ikinyunyizwa juu na anayependa wakati wa kula. Kwenye masanduku ya osechi ya siku hiyo utakwepa kamaboko na datemaki (zote zina samaki), pia mayai ya samaki na vile vidagaa vya sukari. Maharage meusi ya kuromame kwa kawaida unaweza kuyala, pamoja na namasu ya figili na karoti kwenye siki. Vya kuchemsha uliza.

Sijui ozoni ya nyumba hiyo ni ya namna gani, hilo Okaasan peke yake ndiye wa kukuambia. Lakini ni swali ambalo mwanafunzi anayefundishwa kupika ana haki kamili ya kuuliza, hata kesho asubuhi, hata kabla hujapata ujasiri wa lile kubwa: Okaasan, uchi no ozooni no dashi wa, kombu dake desu ka? Dashi ya ozoni ya nyumbani kwetu, ni kombu peke yake?